Resazurini kwa kupima mafuta ya mimea kwenye seli sugu: nyota nne kati ya tano

Kwa seli za leukemia (saratani ya damu) zinazoelea kwenye lishe, yaani kimiminika cha kuzikuzia, kama CEM/ADR5000 zenye usugu wa doksorubisini, dawa ya saratani, resazurini, rangi ya bluu ambayo seli hai huigeuza waridi, inaishinda bila ubishi MTT, rangi nyingine ya kupimia seli hai. MTT huacha fuwele za zambarau zinazodai kuyeyushwa kwa kiyeyushi cha DMSO. Ukinyonya lishe kwanza, seli nazo huondoka. Kwa resazurini unaongeza rangi, unasubiri, unasoma.

Kipimo kinachofaa ni seli 10,000 kwa kila kishimo cha sahani ya maabara katika mikrolita 200, mafuta kwa saa 72, kisha mikrolita 20 za resazurini ya asilimia 0.01. Baada ya saa 4 hivi bluu imekuwa waridi palipo na seli hai. Soma mng'ao kwa nanomita 544 (mwanga wa kuusisimua) na 590 (mwanga unaotoka). Usiiache ilale humo. Waridi nalo hupotea likawa halina rangi, na kishimo kilichojaa seli kuliko vyote kikasomeka kama kaburi.

Nyota iliyopungua ni ya mwingiliano. Doksorubisini ni nyekundu na hung'aa karibu na nanomita 590 hizo hizo, kwa hiyo weka vishimo vya dawa bila seli, utoe mng'ao wake. Fanya vivyo hivyo kwa kila mafuta: viambato vingine huweza kuibadili rangi bila seli hata moja.

Ila rangi haiokoi sahani iliyopangwa vibaya, na hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Mafuta haya huruka! Mvuke wa kishimo chenye dozi kubwa huingia kwa jirani, na seli zisizopewa kitu zikaanza kufa. Viwango vya juu vipewe sahani yao, yenye vishimo vyake vya kulinganishia. Limonini tupu, kiambato cha mafuta ya maganda ya machungwa, hula polistireni, plastiki ya sahani, basi akiba ikae kwenye kichupa cha kioo. DMSO ya kuyeyushia mafuta isizidi asilimia 0.5, na iwe sawa kila kishimo.

Mwisho gawa IC50 (kiwango kinachopunguza seli hai kwa nusu) ya seli sugu kwa ile ya seli mama, CCRF-CEM. Jibu likikaribia 1, usugu wao hauyazuii mafuta hayo. Halimaanishi yameziba pampu ya P-glikoprotini, ile inayotoa dawa nje ya seli sugu. Hilo lataka doksorubisini pamoja na dozi ya mafuta isiyoua, kando yake verapamili, kizuizi kinachojulikana cha pampu hiyo, kwa kulinganisha.

Chupa ya rangi ifunikwe karatasi ya alumini, mwanga huiharibu.