Daratt iliyotafsiriwa: nirudishiwe buku mbili zangu

Na muvi yenyewe sina ugomvi. Ni Daratt ya Mahamat-Saleh Haroun wa Chad, ya 2006, ile iliyopata Tuzo Maalumu ya Majaji kule Venice. Niliitafuta sana, hadi juzijuzi nikaikuta kwa kijana anayeuza muvi za kwenye flashi. "Buku mbili, braza. Imetafsiriwa, hata bi mkubwa ataelewa." Nikalipa bila kuuliza katafsiri nani.

Sasa jamani, hii ni muvi ya watu wanaonyamaza. Redio inatangaza msamaha kwa wahalifu wa vita, ndipo babu kipofu anampa mjukuu wake Atim bastola ya marehemu baba yake, akamtafute Nassara aliyemuua. Kijana anafika N'Djamena, anaishia kukanda unga kwenye tanuri la huyo huyo Nassara. Hawasemeshani. DJ, yule mtafsiri anayeongea juu ya muvi, akaona kimya ni hasara, akakijaza Simba na Yanga na salamu za washikaji wake wa Mbagala. Nassara ana jeraha kooni, mpaka agandamize kidude shingoni ndipo sauti itoke, kama redio inayoishiwa betri. Mimi nywele zilinisimama. DJ akamwigiza kama roboti, akacheka mwenyewe!

Na muda wote Atim ni "stelingi", Nassara ni "adui". Adui anagawa mikate kwa watoto mlangoni. Adui anamfundisha stelingi kazi. Adui anataka kumfanya mwanawe kabisa. Mama akanigeukia: "Mwanangu, kwani adui ni yupi?"

Hapo nikacheka. Hasira ikabaki palepale.

Kama hujaiona, mwisho usisome. Jangwani, babu anasubiri, Nassara yuko mbele ya mdomo wa bastola. Mama akajifunika khanga usoni. Mlio. DJ: "Kamlazaaa! Stelingi kamlaza!" Mama akasema innalillahi. Nikamwambia funua, kapiga hewani. Na babu naye, asiyeona, kausikia mlio huo huo akaamini kisasi kimelipwa.

Nimerudisha nyuma mara tatu. Sijui yule DJ hakuwa anaangalia skrini, au alijua vizuri sana anachofanya. Hapana, mpuuzi tu. Flashi nairudisha na buku mbili zangu nazitaka.

Ila tangu jana mama ananiuliza kama huyo kaka ana nyingine. Sijamjibu.