Ukija Mji Mkongwe, niambie kwanza utakula saa ngapi

Tangu niolewe Unguja, wageni wangu wa bara huniuliza swali moja kabla hata boti haijafunga gati: tutakula wapi? Nami huwauliza, saa ngapi? Mji Mkongwe ni mdogo. Kutoka Darajani hadi ufukweni unafika kwa miguu huku hujachoka, hata kama vichochoro vimekuzungusha kidogo. Lakini chakula chake hakikai mahali pamoja kutwa nzima. Cha adhuhuri kina mtaa wake na watu wake, cha laasiri kina wake, cha usiku vilevile. Anayekosea saa hula vibaya katika mji wenye chakula kizuri, kisha anarudi kwao akisema Zanzibar ni ghali na wali wao ni wa kawaida tu. Maneno hayo huniuma, kwa sababu nimekula vizuri sana hapa, na mara nyingi kwa pesa kidogo.

Asubuhi sitakaa nayo sana. Chai ya maziwa, chapati au maandazi, boflo na maharage ya nazi, na kwa mwenye njaa kubwa, supu. Ukitoka mapema utavipata kwenye vihoteli vya pembeni mwa soko la Darajani, lile lililojengwa mwaka 1904, na ukimaliza uingie sokoni kwenyewe uone samaki wanaoingia. Huko ndiko utakapojua mchana uagize nini. Ukiona pweza wamejaa mezani, agiza pweza. Ukiona changu, basi changu.

Saa yenyewe ni adhuhuri. Wenyeji wa hapa mlo wao mkubwa ni wa mchana. Samaki wa usiku hushushwa dikoni alfajiri, nazi hukunwa asubuhi, na kufikia saa saba sufuria zote zimeiva kwa pamoja, nyumbani na hotelini. Ukila saa saba unakula chakula kilichopikwa kwa ajili ya saa hiyo. Ukija saa kumi unakula kilichobaki, na ukija saa mbili usiku kwenye hoteli ya mchana, huenda unakula kilichopashwa moto. Mtalii aliyezoea kwao kwamba chakula kikubwa ni cha usiku huipita saa hii akiwa na sandwichi mkononi.

Mahali ninapowapeleka wageni wote, wa kwanza na wa kumi, ni mkahawa wa Lukmaan, pale Mkunazini, karibu na kanisa kuu la Waanglikana lililosimama palipokuwa na soko la watumwa. Utaujua kwa mbuyu mkubwa ulio jirani yake. Mke wa kaka yangu alipokuja kutoka Dodoma alikaa kwenye kiti akasubiri. Nikamwambia, "Wifi, inuka, hapa twende tukachague." Unakwenda mpaka kwenye kaunta, vyakula vyote viko mbele yako, unaonyesha kwa kidole unachotaka, kisha unatafuta meza. Kwa mtu ambaye hajui majina ya vyakula vya pwani hakuna utaratibu bora kuliko huo, maana unaona rangi ya mchuzi, unaona kipande cha samaki ni kikubwa au kidogo, na hakuna atakayekuletea kitu usichokitarajia.

Mimi pale huagiza pweza wa nazi na wali wa nazi, pembeni kisamvu au boga. Wifi alichukua samaki wa kupaka na chapati, tukala kwa kumegeana, na bili ya sahani yangu haikufika shilingi 20,000. Nataka nieleze kwa nini naupenda mchuzi wa pale, kwa sababu ndicho kipimo ninachokitumia kila mahali. Nazi moja hutoa tui la kwanza, zito, na tui la pili, jepesi. Mpishi anayejali hupikia tui jepesi mpaka kitoweo kiive, halafu tui zito linatiwa mwishoni, moto ukiwa mdogo, na mwiko haukomi kukoroga hadi litokote. Akikimbilia moto, tui linakatika: mchuzi unagawanyika, maji chini na punje nyeupe juu. Ukipewa mchuzi uliokatika, ujue jikoni wana haraka au hawajali. Na pweza naye ana mambo yake. Lazima apondwe na achemshwe taratibu kabla hajaonja nazi, la sivyo utatafuna mpaka taya zikuume. Wa pale hukatika kwa ukingo wa kijiko.

Samaki wa kupaka nao wana kanuni. Samaki huchomwa kwanza kwenye makaa, ndipo anapakwa rojo la tui zito lenye tangawizi, thomu, ndimu na pilipili, akarudishwa motoni, akapakwa tena. Rojo linatakiwa limshike samaki. Nilipata kula kwenye hoteli moja ya juu ya ghorofa, yenye mandhari nzuri mno ya bahari, nikaletewa samaki mkavu akielea kwenye mchuzi wa njano kwa bei mara nne ya ile ya Mkunazini. Mhudumu alikuwa mpole, sina neno naye. Lakini yule samaki hakupakwa, alimwagiwa.

Siku ya Ijumaa shauri langu hubadilika. Baada ya sala, nusu ya mji hutaka biriani, na mimi hupenda kwenda mkahawa wa Passing Show, upande wa Malindi, si mbali na bandari. Hapa ni mahali pa watu wa kazi: makuli, makarani, wasafiri wanaosubiri boti, familia zilizotoka msikitini. Hakuna pambo, na halihitajiki. Mgeni anayetoka bara aelewe kwamba biriani ya hapa si pilau iliyotiwa rangi. Wali hupikwa peke yake, ukanyunyiziwa zafarani, na masala hupikwa peke yake, nyama ikiwa imelala kwenye mtindi, viungo na vitunguu vingi vilivyokaangwa hadi vikawa hudhurungi. Viwili hivi hukutana kwenye sahani. Kwa hiyo onja masala kwanza bila wali. Yakiwa na ukakasi wa mtindi na utamu wa kitunguu kwa pamoja, mpishi ameiweza kazi. Nawa mikono, ule kwa mkono. Mkwe wangu, ambaye amezaliwa mitaa hiyo hiyo ya Malindi, anasema biriani ya kijiko haina ladha, na nimeishi naye muda wa kutosha kukubaliana naye. Wahi tu. Ijumaa saa nane na nusu unaweza kukuta masala ya mbuzi yamekwisha na yamebaki ya kuku.

Baada ya adhuhuri mji hulala kidogo. Laasiri huamka na urojo, na hapo ndipo ninapobishana na watu wengi. Watalii huujua kwa jina la Zanzibar mix na hudhani ni chakula cha bustani ya Forodhani usiku. Urojo hasa ni wa jioni mapema, wa barazani na vichochoroni, wa wanafunzi waliotoka chuoni na kina mama waliotoka kazini. Mpishi ana sufuria moja ya uji mwepesi wa manjano uliochachushwa kwa embe mbichi au ndimu, na mbele yake vibakuli: mbatata zilizochemshwa, bajia, kachori, vipande vya mishikaki, yai, chatini ya nazi, pilipili ya kusaga, na juu ya yote chipsi za muhogo zilizochanwa nyembamba. Kila kitu kinatiwa mbele ya macho yako. Ladha inakuja kwa awamu, uchachu kwanza, halafu nazi, halafu pilipili inabisha hodi baadaye.

Siri ni chipsi za muhogo. Zikiwa bado zinavunjika mdomoni, bakuli ni zuri. Zikilainika kabla hujakaa, zimekaangwa jana. Kwa hiyo mimi hununua kwa mama mwenye foleni, upande wa Vuga au Mkunazini, wala sitamtaja mmoja, kwa sababu hawa hupika hadharani mbele ya nyumba zao na siku nyingine hawatoki kabisa. Uliza tu mtu yeyote mtaani, "Urojo mzuri leo uko wapi?" Atakupeleka mpaka mlangoni. Bakuli ni shilingi elfu chache, na linashibisha.

Ukishakula, kahawa. Nenda Jaws Corner, ile njia panda yenye mabaraza ya saruji kuzunguka, ambako wanaume hucheza dhumna, husoma magazeti na kujadili siasa kwa sauti. Kahawa ni chungu, hutoka kwenye dele lililokaa juu ya makaa, hunywewa kwenye vikombe vidogo visivyo na mkono, na bei yake ni sarafu tu. Chukua na kashata. Wanawake wenzangu huniuliza kama ni sawa kukaa pale. Ni kweli kwamba wengi ni wanaume, lakini mimi na wifi tulisalimia, tukasogezewa nafasi, tukanywa yetu kwa amani. Mzee mmoja alimuuliza wifi kule Dodoma zabibu zimeshuka bei, na mazungumzo yakaanzia hapo. Kwa mwenye kupenda kitu kitamu zaidi, tafuta halua. Ile iliyokolea hiliki, ikavutika bila kung'ang'ania meno, ndiyo rafiki wa kahawa chungu.

Sasa Forodhani, maana najua ndiyo mnayoingoja. Bustani ile mbele ya Ngome Kongwe na Beit al-Ajaib ilikarabatiwa na taasisi ya Aga Khan na kufunguliwa tena mwaka 2009, na tangu hapo ni mahali pazuri kweli pa kutembea jua likizama, vijana wakirukia baharini kutoka ukingoni na watoto wakikimbia. Inauma kuiangalia Beit al-Ajaib, jumba la Sultani Barghash la mwaka 1883, ambalo sehemu yake iliporomoka Desemba 2020. Lakini watu wa Unguja hawajaacha kuja, na mimi nakuja na familia yangu kwa furaha.

Nakuja kutembea. Kula, nachagua sana. Meza zile zenye mishikaki ya kamba, kaa, ngisi na samaki waliopangwa kama maua zinavutia picha kuliko tumbo. Vingi vimeshachomwa mara moja na vitachomwa tena ukichagua, na kufikia saa tatu usiku ngisi amekuwa mpira. Na bei haijaandikwa. Mchuuzi mmoja alitaja bei moja nilipozungumza naye, na nyingine alipomgeukia mgeni wangu aliyekuwa hatua mbili nyuma. Lile lilinikera, kwa sababu mgeni yule alikuwa mgeni wa nyumba yangu. Patana bei ya kila kitu kabla hakijagusa jiko, na useme kwa sauti ni vingapi.

Kuna vitu viwili vya Forodhani ninavyovisimamia kwa moyo wote. Cha kwanza ni juisi ya miwa iliyokamuliwa hapo hapo pamoja na ndimu na tangawizi. Cha pili ni ile wanayoiita piza ya Zanzibar, ambayo kwa mtu wa hapa ni jamaa ya mantabali: kinyunya kinasukumwa chembamba mpaka unaona mwanga, kinatiwa nyama ya kusaga, kitunguu, pilipili hoho, yai na jibini, kinakunjwa na kukaangwa kwenye chuma kipana. Inapikwa ukiwa umesimama, haiwezi kuwa ya jana. Chukua ya nyama. Zile za chokoleti na ndizi waachie watoto.

Kama mna jambo la kusherehekea, ndoa au mwanafunzi aliyehitimu, na pesa ipo, basi chakula cha jioni juu ya dari la hoteli ya Emerson, Hurumzi, kina thamani yake. Jengo lilikuwa la Tharia Topan, tajiri mkubwa wa zama za Barghash. Mnavua viatu, mnakaa chini kwenye mito, mnaletewa sahani moja baada ya nyingine huku mapaa ya mji, minara ya misikiti na bahari vikiwa chini yenu. Ni lazima kuweka nafasi mapema, na mfike kabla ya magharibi, kwani bila machweo mtakuwa mmelipia nusu. Ngazi ni nyingi na ni za mwinuko, kwa hiyo mwenye magoti mabovu asiambiwe siku hiyo hiyo.

Mambo madogo: hoteli nyingi za wenyeji haziuzi pombe, na si adabu kuiulizia. Funika mabega na magoti unapoingia mitaani, utahudumiwa kwa uso mkunjufu zaidi. Beba noti ndogo, maana mama wa urojo hana chenji ya elfu kumi saa kumi jioni.

Na ukija Ramadhani, futa saa zote nilizokupa. Mchana hoteli nyingi za wenyeji hufungwa, na kula au kunywa barabarani usithubutu. Ila usiku wake hauna mfano: baada ya adhana ya magharibi muhogo wa nazi, tambi, kaimati na uji wenye pilipili manga viko kila baraza, na ukiwa na mwenyeji hata mmoja, kubali akikualika kufuturu kwake kabla hujafikiria hoteli yoyote.