Sri Ramanasramam, Tiruvannamalai: jiko safi, vyumba vya kubahatisha

Ashramu hii, yaani makao ya kiroho ya Kihindu, ya Tamil Nadu, kusini mwa India, iko chini ya mlima Arunachala, mwendo wa saa nne au tano kwa basi kutoka Chennai. Haina ada: unalala na kula bure, ukitaka kuchangia unachangia. Anayetafuta mwalimu wa kumpangia masomo asihangaike. Ramana Maharshi, mwalimu wa kiroho ambaye ashramu ina jina lake, alifariki Aprili 1950 na hakuachia mtu kiti chake. Kilichobaki ni kaburi lake, usomaji wa Veda, maandiko matakatifu ya Kihindu, asubuhi na jioni, na ule ukumbi wa zamani wa kutafakari ambako hata kukohoa kunaona haya.

Huduma ya chakula ndiyo inayoipa sifa. Kabla ya wageni kuitwa mezani, masadhu (watawa wa Kihindu wanaoishi kwa sadaka) na maskini hugawiwa chakula kwanza, kila siku. Wageni hufuata saa tano na nusu asubuhi, wakikaa chini kwa safu, kila mmoja na sahani yake ya majani. Wagawaji hupita mbio na ndoo: wali, mboga, sambari (mchuzi wa dengu), kisha rasamu (supu nyepesi ya ukwaju na viungo), mwisho mtindi. Wageni wengi huharibu hapo mwanzo, wanakubali wali wote kwa mkupuo mmoja, rasamu ikifika hawana tena cha kuilia. Pokea kidogo, watarudi. Rasamu ni maji matupu, kwa hiyo chimba kishimo katikati ya wali kabla haijamwagwa, la sivyo itakutiririkia mapajani. Umetosheka? Funika jani kwa kiganja mapema, maana kubakiza chakula ni aibu. Mkono wa kulia tu, jambo ambalo mtu wa Pwani hafundishwi.

Malazi ndiyo kasoro. Andika kuomba nafasi wiki nyingi kabla. Mgeni wa mara ya kwanza kwa kawaida hupewa siku chache tu, na Desemba hadi Februari hujaa kabisa. Usiku wa mwezi mpevu mji mzima hufurika watu wanaouzunguka mlima kama ibada, kilomita 14, wengi peku. Ukitaka utulivu chagua siku nyingine, anza saa kumi alfajiri, mlima uwe kulia kwako. Mchana lami huunguza nyayo. Ndizi usizishike mkononi, kima watakupora.

Anayetoka Kenya au Uganda abebe cheti cha homa ya manjano. Bila hicho anaweza kuishia karantini kabla hajauona mlima.