Kadi ya memori ya Amiga 500: utengeneze ya zamani au ununue mpya?

Amiga 500, kompyuta ya nyumbani ya Commodore, ilitoka 1987 na memori ya KB 512, ile kadi ya A501 inayochomekwa kwa chini inaongeza KB 512 nyingine pamoja na saa, na kwenye saa ndo balaa lilipo maana kuna kibetri cha kuchaji ambacho kikizeeka kinavuja. Kabla hujaamua chochote zima mashine, toa kadi, washa bila hiyo. Ikiwaka poa basi shida ni kadi au pini zake.

Kwa hela, kutengeneza kunashinda kama kulehemu unakujua. Unang'oa betri, unasugua ule uchafu wa kijani kwa mswaki na siki, unasuuza na spiriti, halafu unapima njia za shaba moja moja na mita ya kupimia umeme. Ila kutu ikishaingia chini ya chipu utahangaika sana, leo memori inasomeka kesho inagoma, na hapo mpya inashinda: chipu chache, umeme kidogo, matunzo karibu hamna.

Mimi naipenda ya zamani kwa kweli. Kama unataka gemu tu za wikiendi chukua mpya, kama unataka mashine ibaki ilivyotoka kiwandani tengeneza, ila ukiweka betri ya kidonge (ile bapa ya duara) weka na dayodi, yaani kile kidude kinachopitisha umeme upande mmoja tu, bila hivyo bodi itajaribu kuichaji na ile haichajiki.