Kerneli iliyokuja tayari au ya kujijengea: ipi inaifaa laptopu kuukuu?

Wengi wenye laptopu ya RAM GB 2 huamini kwamba wakijijengea kerneli yao ya Linux (kiini cha mfumo, kinachounganisha programu na vifaa vya mashine), mashine itakuwa nyepesi. Sivyo hasa. Kerneli inayokuja na mfumo ina maelfu ya draiva (programu za kuendesha vifaa), ni kweli, lakini nyingi ni moduli, yaani vipande vinavyopakiwa vikihitajika, zilizolala kwenye diski; zisipopakiwa hazigusi RAM. Ukijenga yako unaokoa nafasi ya diski, na pengine sekunde chache za kuwaka.

Gharama yake sasa. Prosesa ya zamani inaweza kuhangaika saa kadhaa, feni ikivuma, na kila kiraka cha usalama kikitoka unaanza upya. Amri ya "make localmodconfig" hupunguza kazi kwa kubakiza moduli zilizopakiwa wakati huo tu. Mtego uko hapo: kama printa au kamera haijachomekwa, draiva yake huachwa nje, na utagundua siku unapoihitaji. Chomeka kila kitu kwanza.

Mimi nachagua iliyo tayari, toleo linalotunzwa kwa muda mrefu, kisha naisanidi. Nawasha zram ili kumbukumbu ibanwe ndani ya RAM badala ya kuhamishiwa kwenye diski ya polepole. Hapo tofauti unaiona kwa macho: kivinjari hakigandi ovyo.

Kujijengea nakubali pale tu iliyo tayari inapogoma. Baadhi ya Pentium M (prosesa za zamani za laptopu kutoka Intel), kwa mfano, hazitangazi uwezo wa PAE, yaani wa prosesa ya biti 32 kufikia RAM zaidi ya GB 4, na kerneli zinazoudai hukataa kuwaka. Hata hapo, jaribu kwanza kuongeza "forcepae" kwenye mstari wa amri unaopewa kerneli wakati wa kuwaka.