Sauti za Busara kwa masikio ya mpiga besi

Nimepiga gitaa la besi kwenye bendi za dansi za Dar es Salaam tangu ujana wangu, leo baa ya Kinondoni, kesho arusi ya Mbagala. Ndiyo maana nikienda kwenye tamasha namtazama kwanza mpiga besi, kisha mpiga dramu, na mwimbaji namfikia wimbo ukishakolea. Watu huniuliza kila Januari kama Sauti za Busara inastahili nauli ya boti kwenda Unguja. Nawajibu kwamba inastahili, ila wasiende kwa ajili ya jina lililoandikwa kwa herufi kubwa kwenye bango.

Kwa asiyelijua, tamasha hili hufanyika Februari, Mji Mkongwe, na lilianza mwaka 2004 chini ya Busara Promotions. Sehemu kubwa ya shoo huwa ndani ya Ngome Kongwe, pale mkabala na Forodhani. Kuna jukwaa kuu kwenye uwanja wa nyasi na jingine dogo upande wa ngazi za mawe za ukumbi wa wazi. Sharti lao ni kwamba muziki upigwe laivu. Hupandi na flashi mfukoni ukaimba juu ya sauti yako mwenyewe. Unapanda na watu wenye vyombo, na vyombo vikikukataa, umekataliwa mbele ya watu wa nchi zote.

Sharti hilo limewaumbua wengi. Nimeona mwimbaji mwenye jina, simtaji, akipishana na kii, yaani sauti ya msingi ya wimbo, ambayo bendi yake ilikuwa ikipiga, nyimbo tatu mfululizo huku wapiga tarumbeta wakitazamana. Lakini limewapa wengine heshima ambayo redio haikuweza kuwapa. Alikiba alipopanda mwaka 2015 na bendi kamili, wenzangu wa dansi waliokuwa wakiibeza Bongo Fleva kuwa ni muziki wa kompyuta walinyamaza. Sauti yake ni ile ile, haitegemei mashine. Sijawahi kununua kazi zake, wala sitanunua, lakini usiku ule alistahili makofi.

Katika yote niliyoyasikia mle ndani, kama ningeambiwa nichague shoo moja ya kurudiwa, ningechagua Orchestre Poly-Rythmo kutoka Cotonou, Benin, mwaka 2011. Wale ni wazee walioanza miaka ya 1960, wakarekodi mamia ya nyimbo, halafu wakasahaulika nje ya kwao mpaka wakusanyaji wa santuri wa Ulaya walipowafufua. Walipanda bila mbwembwe. Mpiga besi wao, Gustave Bentho, nilimkodolea vidole mwanzo hadi mwisho. Anapiga noti chache kuliko unavyodhani. Pale ambapo sisi wa Dar tungejaza ili mchezaji asilale, yeye anaacha wazi, na ule uwazi ndio unaosukuma kiuno. Ngoma zao zina asili ya ibada za vodun, dini ya jadi ya kwao, na mtu aliyekulia kwenye ngoma za pwani anazielewa mguuni kabla hajazielewa kichwani. Juu yake wanaweka gitaa la fanki na tarumbeta zinazokata kama askari wa gwaride. Kiongozi wao, Mélomé Clément, alifariki Desemba 2012, kwa hiyo tuliokuwa Ngome Kongwe tulimwahi. Niliporudi Dar nilianza kupunguza noti kwenye sebene, pale wimbo wa dansi unapochanganya watu wacheze. Kiongozi wa bendi yangu aliniuliza kama naumwa.

Shoo ya pili kwangu haikuwa ya besi. Februari 2013 alikuja Khaira Arby wa Mali. Kumbuka hali ilivyokuwa. Mwaka uliotangulia vikundi vyenye silaha viliteka kaskazini ya nchi yake, vikapiga marufuku muziki huko Timbuktu, na wanamuziki wakakimbia. Mji ulikombolewa mwishoni mwa Januari, wiki chache tu kabla mama huyu hajasimama mbele yetu. Alizaliwa Abaradjou, kijiji cha kaskazini ya Timbuktu, na ni binamu wa Ali Farka Touré. Sauti yake haibembelezi. Inatoka kifuani ikiwa imeshakasirika, halafu magitaa mawili yanazunguka chini yake kwa mdundo wa jangwani usio na haraka. Sikuelewa neno hata moja. Jirani yangu, kijana wa Kizanzibari aliyekuja kumwona Cheikh Lô, aliniuliza, “Mzee, huyu mama asema nini?” Nikamjibu sijui. Akaniambia, “Basi mbona walia?” Sikuwa nalia, lilikuwa joto la kaskazi, lakini sikubishana naye. Khaira Arby alifariki Agosti 2018.

Cheikh Lô mwenyewe, tamasha lile lile, alikuwa mzuri kwa namna nyingine kabisa. Msenegali mwenye rasta ndefu na nguo za viraka za Wabaye Fall, kundi la Waislamu wa Kisufi wa huko Senegal, mpiga ngoma kwa asili. Mwimbaji aliyepitia ngoma utamjua tu, hawahi na hachelewi.

Nneka wa Nigeria, mwaka 2012, aliwabeba vijana wote na sehemu ya wazee. Mwaka huo huo Tanga ilituletea Super Maya Baikoko, na hapo ndipo nilipoona Mji Mkongwe ukigawanyika. Baikoko ni ngoma ya kukata kiuno, hakuna namna ya kuieleza kwa adabu zaidi. Nusu ya waliokuwepo walisogea mbele, nusu wakasogea nyuma, na akina mama wawili waliovaa buibui karibu yangu walisema “astaghafirullah” bila kugeuza macho hata sekunde moja. Wapigaji wao wa ngoma ni wazuri kupita sifa wanazopewa, kwa sababu wanaosifiwa siku zote ni wachezaji.

Sasa niseme juu ya taarabu, maana wageni wengi huikosa. Taarabu ya Culture Musical Club au ya Nadi Ikhwan Safaa, kikundi kilichoanzishwa mwaka 1905, mara nyingi hupangwa mapema jioni. Watu wa bara na watalii bado wako Forodhani wanakula mishikaki na kunywa juisi ya miwa. Wanaingia saa tatu usiku wakidhani ndiyo mwanzo, na taarabu imeshakwisha. Ukifika mapema utaikuta ile safu ya fidla, udi, kanuni, kodiani na dumbaki, na mwimbaji aliyesimama wima kama anatoa ushahidi mahakamani. Mara ya kwanza nilianza kuyumba kwa mdundo. Bibi mmoja aliyekuwa ameketi kwenye ngazi za mawe akanivuta shati.

“Wewe watoka bara?”

“Ndiyo, bibi. Shikamoo.”

“Marahaba. Kaa kitako usikilize maneno. Ukitaka kutunza, nenda ukatunze, lakini usinizuilie mbele.”

Nikakaa. Mashairi yalikuwa ya mtu aliyetendwa na rafiki, na kila ubeti ulipofika penye shabaha, mwanamke mmoja aliinuka na noti mkononi, akatembea polepole hadi kwa mwimbaji, akampa, akarudi huku akimtazama mtu fulani kwenye hadhira. Bibi alinieleza nani alikuwa akiambiwa nini. Nusu ya utamu wa shoo ilikuwa huko, na kama si yeye nisingejua. Kwa hiyo ushauri wangu kwa mtu wa bara ni kutafuta pa kukaa karibu na mwenyeji mwenye umri.

Bi Kidude nilimwona zaidi ya mara moja kabla hajafariki Aprili 2013, na sitajifanya kuwa alikuwa sawa kila mara. Siku nyingine bendi ilimzidi sauti. Lakini alipofungiwa lile goma la unyago kiunoni, akalipanda kama farasi na kulipiga mwenyewe, hakukuwa na mpiga ngoma kijana wa kumfikia. Alikuwa na mdundo wa mtu asiyehitaji kukuthibitishia kitu. Halafu akishamaliza anatafuta sigara.

Jagwa Music wa Dar es Salaam wanahitaji onyo. Mchiriku ni kinanda kidogo cha Casio, cha kuchezea watoto, kilichounganishwa na spika zilizochoka mpaka zinakoroma, na ngoma zinazokwenda mbio kama polisi wako nyuma. Hakuna besi. Nilikwenda nikiwa nimekunja uso. Baada ya dakika kumi nilielewa kwamba ule mkoromo wa spika ndio besi yenyewe. Kasai Allstars wa Kinshasa, waliokuja mwaka 2018, hufanya kitu cha jamii hiyo hiyo kwa likembe, zile ala za vyuma vinavyodonolewa kwa vidole gumba, zilizotiwa umeme, ila wao wana utulivu wa watu wazima. Kama ungenilazimisha kuchagua, ningechagua Wakongo, na watu wa Mwananyamala, kwao Jagwa, wanisamehe.

Mwaka huo wa 2018 alikuwepo pia Saida Karoli. Kuna vijana walimjua kwa jina tu, kwa wimbo uliokuwa ukipigwa kwenye mabasi mwanzoni mwa miaka ya 2000 walipokuwa watoto. Walimwimbia Kihaya ambacho hawakijui, herufi kwa herufi. Mwaka 2017 Pat Thomas wa Ghana na Kwashibu Area Band walinifanya nijisikie nyumbani, maana haileifu, muziki wa dansi wa kwao, na dansi letu walinyonya ziwa moja. Sampa the Great, rapa wa Zambia, mwaka 2022, ana nguvu nyingi, na kurap kwake na bendi ni kuzuri, lakini kwangu mitambo ilikuwa juu mno. Thandiswa Mazwai wa Afrika Kusini, mwaka 2025, hakuongeza sauti kabisa. Aliishusha, na uwanja mzima ukasogea karibu ili umsikie.

Kuhusu mitambo, hili halitegemei fundi peke yake. Ngome Kongwe ilijengwa na Waarabu wa Oman mwishoni mwa karne ya 17, baada ya Wareno kufukuzwa, na hawakuijenga kwa ajili ya spika. Kuta zake nene hurudisha besi. Ukisimama kushoto kabisa, karibu na ukuta, utasikia kila noti ya chini mara mbili. Simama nyuma ya meza ya mafundi mitambo, hatua chache tu, hapo ndipo wanaposikia wao. Wanaokwenda mbele kabisa hupata picha nzuri na sauti mbaya.

Kasoro zipo. Muda wa bendi moja ni mfupi, na kwa taarabu ni mfupi mno, kwa sababu wimbo mmoja wa Ikhwan Safaa unaweza kumeza robo ya muda wao kabla mwimbaji hajafungua mdomo. Majukwaa mawili yakienda pamoja lazima ukose kitu. Usiku wa Jumamosi uwanja hujaa watu waliokuja kuonana, wanapiga soga mgongo wao ukiwa jukwaani. Viti ni vichache, na ngazi za mawe zinaumiza kiuno, kwa hiyo beba kanga ya kukalia hata kama wewe ni mwanamume. Kiingilio cha Mtanzania huwa pungufu sana kuliko cha mgeni, beba kitambulisho. Mwenye mfuko mkavu asikose gwaride la ufunguzi linalopita mitaani na kuishia Forodhani, lenye beni, yaani bendi ya matarumbeta ya mitaani, ngoma na watu wa miguu ya miti, kwa sababu hilo ni bure, na beni ya Unguja inachekesha kuliko vichekesho vya televisheni.

Usilichukulie kuwa litakuwepo tu kila mwaka. Mwaka 2016 halikufanyika kwa kukosa fedha, na Februari ile Mji Mkongwe ulipita bila tamasha. Mwaka 2021 lilifanyika siku mbili, wakati kumbi za sehemu kubwa ya dunia zilikuwa zimefungwa kwa korona.

Ukipata siku moja tu, nenda Ijumaa badala ya Jumamosi. Ingia jua likiwa bado halijazama, ukae kwenye ngazi, uanze na wanaopangwa mwanzo, hasa wakiwa vijana waliopitia Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, maana huko ndiko walikotoka Siti and the Band, na Siti Amina akishika udi utasahau kuulizia wakubwa. Kula kabla hujaingia. Chumba tafuta Desemba, kwa sababu Januari ikifika Mji Mkongwe umeshajaa, utaishia kulala Bububu na kutafuta gari saa nane usiku.