Mark X ya lita 2.5 mjini Unguja: uzoefu wangu

Katika gari zote nilizowahi kumiliki hakuna niliyoipenda kama hii ninayoendesha sasa: Toyota Mark X 250G, umbo la pili, injini ya lita 2.5 yenye silinda sita. Nakaa Mazizini, kazi yangu ipo Malindi, na njia yangu ya kila siku ni Kilimani, Mnazi Mmoja, Darajani, kisha marudio. Watu huniuliza: kisiwa chenyewe hiki, kutoka mjini hadi Nungwi ni kama kilomita 60 tu, silinda sita za nini? Nimeona nijibu kwa urefu, maana wengi wanazinunua gari hizi kwa kuangalia ringi na rangi, halafu baada ya muda mfupi wanazilaumu.

Mimi sikuifuata kasi. Kilichonivuta ni ulaini wake. Silinda sita zilizopangwa kwa umbo la V hazitetemi injini ikiwa inazunguka polepole, na mjini gari inaishi hapo hapo, kwenye mzunguko mdogo. Jioni ya Ramadhani, saa kumi na moja, kila mtu anakimbilia marikiti ya Darajani kabla ya futari. Unasogea hatua, unasimama, unasogea tena. Gari ya silinda nne utaihisi kwenye kiti na kwenye usukani muda wote huo. Hii unatazama saa ya mizunguko kujua kama imewaka. Ukipata upenyo wa kutoka kipilefti cha Michenzani, unagusa tu na gari inaitika bila kupiga kelele. Kwangu uspoti wa gari ya mjini ndio huo: pedali inayokuelewa, usukani wenye uzito wa wastani, breki inayoshika pale pale unapotaka. Na kwa kuwa magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma, ya mbele yana kazi moja ya kukata kona. Gari ina urefu wa zaidi ya mita 4.7 lakini kugeuza kwenye vichochoro vya Kikwajuni hainisumbui hata kidogo.

Kabla ya kuamua niliziangalia na nyengine. Crown Athlete ni nzuri na ya lita 2.5 inatumia injini hii hii, ila bei yake inapanda upesi. Subaru Legacy B4 inashika barabara vizuri sana, lakini nilihofia spea, hapa Unguja ukikosa kitu unasubiri kije na boti kutoka Dar. Premio nilikuwa nayo, na sina baya la kuisema. Ni gari ya amani. Nilitaka tu kitu chenye roho zaidi.

Ndani ya Mark X kwenyewe kuna kuchagua. Umbo la kwanza, GRX120, lilitoka mwishoni mwa 2004. La pili, GRX130, lilikuja 2009 na likaendelea mpaka uzalishaji ulipokoma Disemba 2019. Yote mawili, kwa lita 2.5, yanatumia injini 4GR-FSE. Tofauti ambayo watu hawaiulizi ni petroli. Ile ya 120 ilitengenezewa petroli ya daraja la juu ya Japani, ikatoa nguvu za farasi 215. Kwenye 130 waliirekebisha ikubali petroli ya kawaida, nguvu ikashuka hadi 203. Kwenye karatasi inaonekana umepunjwa. Kwa sisi tunaojaza kinachopatikana sheli, hiyo ya 203 ndiyo salama zaidi, na nguvu zilizopungua sijawahi kuzitafuta mjini nikazikosa. Ya lita 3.5, yenye farasi 318, inataka tena petroli ya daraja la juu, na uwezo wake huku hauna pa kwenda.

Halafu ringi. Hapa ndipo nilipobishana na kila mtu, na bado nashikilia. Mark X ya kifurushi cha S inakuja na tairi 235/45 za ringi 18, na ni kweli inapendeza ikisimama. Yangu ina 215/60 za ringi 16. Piga hesabu: ubavu wa tairi yangu ni karibu milimita 129, wa ile ni kama 106. Hizo milimita 23 za mpira ndizo zinazobeba shimo, tuta na jiwe la matumbawe linalochomoza kwenye njia za mitaani ambazo hazijatiwa lami. Gari iko chini, kama sentimita 15 na kidogo kutoka ardhini, na kwenda Paje kuna matuta pale msitu wa Jozani yaliyowekwa kwa ajili ya kima punju. Ringi 16 hupita hapo taratibu na abiria hawajui. Ringi 18, tena ikiwa mtu ameshakata springi ili gari ilale, inagonga bampa la mbele na kuzimaliza bushi za miguu ya mbele kabla ya wakati wake. Springi hizo msiziguse, nawaomba. Mark X ina mfumo mzuri wa kuning'iniza magurudumu, mikono miwili juu na chini mbele na viungo vingi nyuma, na uzuri wote wa gari hii unakaa humo. Ukizikata unabaki na umbo tu.

Ukiagiza mwenyewe Japani, karatasi ya mnada isomeni herufi kwa herufi. Wengi wanaishia kwenye kilomita na alama ya 4 au 4.5. Mimi nilianza na mchoro wa bodi: herufi S ni kutu, C ni kutu iliyokwisha kula bati, na gredi ya R inamaanisha gari iliwahi kugongwa na kutengenezwa. Gari zilizotumika Hokkaido na kaskazini mwa Japani hupita majira ya baridi kwenye barabara zilizomwagwa chumvi ya kuyeyusha theluji. Gari iliyokwisha kuonja chumvi kule, ukaileta kwenye upepo wa bahari huku, unajua itakavyokuwa. Niliomba picha za chini ya gari, nikakataa mbili zenye kilomita chache kuliko hii niliyoichukua, kwa sababu ya chini tu.

Sasa injini, maana hapa ndipo gari hii inapohukumiwa bila kuelezwa. 4GR-FSE inapuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Kwenye injini za kawaida petroli hupulizwa nyuma ya valvu za kuingizia hewa, kwa hiyo inaziosha kila wakati. Kwenye hii valvu hizo hazipati tone la petroli, zinapata mvuke wa oili unaorudishwa ndani kutoka kwenye injini, na mvuke huo unaganda kuwa masizi. Ya lita 3.5 ilipewa vipulizio vya aina zote mbili, lita 2.5 haikupewa. Masizi yakijaa, gari inatetema asubuhi ikiwa baridi, inazubaa ukikanyaga, na mara taa ya injini inawaka. Hapo watu wanabadilisha plagi, wanabadilisha koili, wanasafisha tangi, na ugonjwa upo kwenye valvu.

Na maisha ya mjini ndiyo yanayolea masizi hayo. Mazizini hadi Malindi ni safari fupi, injini haijapata joto lake sawasawa na umeshaizima. Unyevu na petroli isiyoungua vinabaki kwenye oili. Fundi wangu, mtu mzima aliyezeeka na gari za Toyota, aliniambia siku ya kwanza nilipompelekea: "Bwana, hii usiilaze. Kila wiki itie njia ya shamba ikohoe." Nimelishika neno lake. Mwisho wa wiki nakwenda Bububu, Mahonda, mara nyengine Mkokotoni, naiachia gia ya tatu na ya nne kwa kutia kijiti cha gia kwenye S, pale unapochagua gia mwenyewe, mizunguko ipande kidogo, bila kuvunja sheria ya mwendo. Nikirudi gari ni nyepesi, na hilo si dhana yangu, hata mke wangu ambaye hana habari na injini hulihisi. Oili naibadilisha kila kilomita 5,000 au kabla ya hapo, 5W-30 halisi, na inakunywa zaidi ya lita sita kwa mara moja, kwa hiyo bajeti ya sevisi si ya Premio. Baada ya muda fundi alifungua njia ya hewa akazisafisha valvu kwa mkono. Kazi ya kutwa nzima. Gari ilirudi kuwaka kimya kama nilivyoipokea.

Jambo zuri ni kwamba injini inaendeshwa na cheni, si mkanda, kwa hiyo hakuna ile hofu ya mkanda kukatika. Na usishtuke ukifungua boneti ukasikia tik-tik-tik. Ni pampu ya petroli ya shinikizo kubwa, ndiyo sauti yake.

Chumvi ni jambo la pili kwa uzito. Sisi wa pwani ya Mazizini na Kiembesamaki visima vyetu vingi maji yake yana chumvi, na vijana wa kuosha gari huvuta humo humo. Gari inang'ara juu huku chini inaliwa. Yangu naiosha kwa maji ya bomba yasiyo na chumvi, na nikitoka Paje au Nungwi siku yenye upepo naielekeza mpira chini ya gari, kwenye mabomba ya breki na matao ya magurudumu, siku hiyo hiyo bila kungoja kesho.

Mafuta: mjini napata kilomita 7 hadi 8 kwa lita, njia ya shamba 11 na wakati mwengine 12. Tangi ni lita 71, kulijaza kunauma, na ZURA, mamlaka inayopanga bei ya mafuta Zanzibar, wakitangaza bei ya mwezi nami nasikiliza kwa makini. Mwenye hesabu za IST asiiguse.

Familia imeipokea vizuri isipokuwa mambo mawili. Mama yangu ana magoti, na gari iko chini. Kuingia anasaidiwa, kutoka anavutwa mkono, na safari za hospitali ya Mnazi Mmoja ninaazima Noah ya ndugu yangu. Pia wa katikati nyuma anakaa juu ya handaki la shafti, kwa hiyo watoto watatu wa skuli wanagombania madirisha. Redio ya Kijapani inaishia chini ya 100, stesheni nyingi za juu haizishiki mpaka uifungie kifaa cha kubadilisha mawimbi. Nimeiondoa, pamoja na kile kisanduku cha malipo ya barabara za Japani kilichokuwa kikisema kwa Kijapani kila nikiwasha, nikatia redio ya kisasa.

Kama unainunua iliyokwisha kuwepo hapa, nenda asubuhi, mwambie mwenyewe asiiwashe kabla hujafika. Weka mkono kwenye boneti kwanza. Iwashwe, na wewe usimame nyuma ya ekzosti: moshi wa buluu ni oili inayoungua, na injini hizi pete za pistoni zikichoka zinakula oili. Chomoa kijiti cha oili uone kiwango. Tazama chini ya pampu ya maji kama kuna mabaki ya waridi yaliyokauka. Kulanti ya Toyota ni ya rangi hiyo, na pampu hizi huvuja. Kisha panda, pita kwenye tuta la mtaani bila haraka, usikilize mbele kushoto na kulia. Mwenye gari akikuambia mtetemo wa asubuhi ni kawaida ya V6, mrudishie ufunguo kwa adabu utafute nyengine.